Ua la Tatu kwenye Mfaa

Basi liliondoka Mombasa kabla ya adhana ya alfajiri. Masanduku yangu mawili yalikuwa kwenye buti, nimeyafunga kwa leso tatu kuukuu na kigodoro cha mtoto, na nilikuwa nimemsihi utingo mara mbili asiyawekee magunia juu. Akaniuliza kuna nini humo. Nikamwambia kuna mashine.

"Ya kushona, dada?"

Nikamjibu ni ya kuchonga, kuchapa na kukata, kazi zote tatu mashine moja. Hakusema neno, ila aliyasogeza masanduku taratibu hadi pembeni na kuyakingia kwa gurudumu la akiba.

Kilifi tuliipita gizani, Malindi kukapambazuka. Kutoka hapo njia inakwenda Garsen, inavuka Mto Tana, inapita Witu na kuishia Mokowe, mahali nchi kavu inapokoma. Siku hizi ni lami. Nikiwa mtoto tulikuwa tukikwama kwenye matope ya Garsen hata nusu siku, mama akitugawia mikate ya mofa kidogo kidogo isije ikaisha. Safari hii kilichotusimamisha ni vizuizi vya usalama, na kwenye kimoja askari aliomba sanduku lifunguliwe. Alipoona reli za alumini, nyaya na miwani ya rangi ya chungwa, akataka maelezo. Nikaeleza, abiria wote wakisikiliza. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu akauliza, "Yaweza kuchonga mbuzi ya kukunia nazi?"

Swali hilo lilinikaa kichwani hadi Mokowe. Ndilo swali la haki kuulizwa kila kifaa kigeni: kitatufanyia nini katika mambo yetu?

Mashine yenyewe ni Snapmaker 2.0, ya saizi inayoitwa A350, iliyoundwa Shenzhen nchini China. Ukiiona imesimama utadhani ni fremu ya dirisha iliyowekwa juu ya meza. Kichwa chake hupanda, hushuka na kwenda kando. Meza husogea mbele na nyuma. Nafasi yake ya kazi ni milimita 320 kwa 350, na kimo milimita 330. Ukitaka kubadilisha kazi unafungua skrubu chache, unachomoa waya, unaweka kichwa kingine na meza nyingine. Kichwa cha kwanza huyeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka. Cha pili kina mota inayozungusha ncha kali ya kuchongea. Cha tatu ni leza. Fani hizi tatu hazikuzaliwa pamoja. Mashine ya kukata inayoongozwa kwa namba ilionyeshwa kwenye chuo cha MIT, Marekani, 1952. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California, 1960. Na njia ya kujenga kitu kwa plastiki iliyoyeyushwa aliiombea hataza Mmarekani Scott Crump, 1989. Leo zote zinaingia ndani ya buti la basi.

Kwa miaka miwili mashine hii ilikuwa katika karakana ya vijana ninakojitolea kufundisha, Mombasa. Tulichapia vishikio vya funguo na kukatia vibao vya majina. Kazi hizo si mbaya, zimewafunza vijana. Lakini kila nilipopita mbele ya mlango wa nakshi katika Mji wa Kale nilihisi tuna deni. Kisha jamaa zangu wa Lamu wakanipigia simu kuhusu mlango wa nyumba yao mtaani Mkomani, na nikajua pa kuanza kulilipa.

Mokowe tulipanda boti, na Lamu tukashukia gatini. Vichochoro vya Lamu havipitiki kwa gari. Mzigo hubebwa kwa mkono, kwa mkokoteni au kwa punda. Wangu ulibebwa na punda, sanduku moja kila upande, na mwenye punda akawa anamwongoza kwa sauti ya chini kana kwamba anajua kilichomo. Tulipita Usita wa Mui, mtaa mkuu wa mji, tukaingia vichochoro ambamo ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili. Mji huu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Nilikuwa nikilijua jambo hilo. Nililosahau ni sauti: kila baada ya nyumba kadhaa, kutoka ndani, unasikia patasi ikigongwa.

Mlango wa Mkomani ni wa mbambakofi, mti mgumu na mzito ambao kwingine huitwa mkongo. Una mbao mbili, na katikati yake umesimama mfaa, ule ubao mnene wenye nakshi unaoziba mwanya mbao mbili zinapokutana. Kwenye mfaa huo yamepangwa maua matano, moja juu ya jingine. La tatu kutoka chini halikuwepo. Liliondoka siku kitanda kilipoingizwa kwa nguvu, zamani, na mahali pake palipigiliwa kipande cha mbao tupu na kupakwa rangi ya kahawia. Watoto waliokua katika nyumba hiyo hawakuwahi kuliona ua lile.

Fundi aliyekubali kulirudisha ni mzee wa miaka sabini na kitu, mwembamba, mwenye vidole vipana. Aliniamkua kwa upole, akasubiri nimwamkie nami, akaagiza kahawa, kisha ndipo akatazama masanduku. "Haya, mwanangu, tuoneshe." Kijana wake wa kiume, ambaye naye ni mchongaji, alikuwa ameshakuja na bisibisi. Tuliisimamisha mashine kwenye ukumbi wa karakana, kando ya dirisha linalopokea upepo wa kaskazi, maana ilikuwa Januari na leza hutoa moshi.

Mpango wangu ulikuwa umekamilika tangu Mombasa. Ua la pili lilikuwa zima, kwa hiyo ningelipiga picha za simu kila upande, programu iziunganishe kuwa umbo, nami nilipime kwa kalipa, nilinakili na kulichonga. Nilipiga picha themanini hivi, umbo likatoka safi kwenye skrini. Nikamwonyesha Fundi. Akalitazama kwa muda, akauliza, "Hili ndilo la tatu?"

Nikamwambia ni la pili, ila la tatu lilikuwa kama hilo.

"Umelihisabu?"

Tukarudi mlangoni. Akaweka kidole kwenye ua la chini, akahesabu majani: manane. La pili, kumi na mawili. La nne, kumi na mawili. La juu, manane. Akageuka akanitazama, akaningoja nifike mwenyewe. Nane, kumi na mbili, pengo, kumi na mbili, nane. La tatu ndilo lililokuwa katikati, ndilo kubwa, na aliyechonga mlango huu hakuwa mtu wa kuweka katikati ua la pembeni. Kisha Fundi akaing'oa ile mbao tupu kwa ncha ya patasi, taratibu, akapuliza vumbi. Kwenye mbao ya zamani kulikuwa na kitundu kidogo cha sindano ya bikari, na kipande cha duara kilichokwaruzwa. Akalipima. Duara lilikuwa pana kuliko la jirani yake kwa nusu sentimita hivi.

"Kumi na sita," alisema.

Nimelirudia tukio hilo mara nyingi moyoni. Mashine ingenichongea nakala safi kabisa ya ua la pili, kwa vipimo visivyopungua wala kuzidi, na mlango ungebaki na kosa lililochongwa vizuri. Alama ya bikari ilikuwepo miaka yote, ikimsubiri mtu anayejua inasema nini.

Jioni ile nilikaa na kompyuta kuchora ua la majani kumi na sita, Fundi akakaa na karatasi na bikari. Alichora duara, akaligawa mara mbili, mara nne, nane, kumi na sita, akafuata kila pembe kwa nusu duara, na kabla sijamaliza kupanga mistari yangu alikuwa anakunywa kahawa. La majani kumi na mawili, alinieleza, huanzia sita: ukiitembeza bikari pembeni mwa duara bila kuibadilisha upana, inaingia mara sita kamili. Kwa hiyo maua ya majani manane na ya kumi na sita ni ya ukoo mmoja, na ya kumi na mawili ni ya ukoo mwingine. Nimesoma jometri miaka minne ya sekondari, na hakuna aliyewahi kunionyesha kuwa imeandikwa milangoni kwetu. Nilipiga picha mchoro wake, nikaufuatisha kwenye programu, na huo ndio tulioutumia.

Programu ya mashine hii inaitwa Luban. Kijana aliniuliza maana yake. Lu Ban alikuwa seremala wa China ya kale, karne ya tano kabla ya Kristo, na maseremala wa huko wanamheshimu hadi leo kama baba wa fani yao. Fundi alilipenda jambo hilo mno. "Wamelihifadhi jina la fundi wao," alisema. Lamu nayo inalo jina lake: kuna mtindo wa nakshi unaoitwa Kijumwa, kwa jina la Muhamadi Kijumwa, mshairi, mwandishi wa hati na mchongaji aliyefariki 1945. Kijana akalipa faili letu jina la kijumwa-16, nasi tukaanza kazi.

Tulianza na plastiki. Uzi tuliokuwa nao ni wa PLA, plastiki inayotokana na wanga wa mimea kama mahindi, inayochapwa kwenye nyuzi joto 200 hivi. Hewa ya Lamu ni ya bahari, na uzi huo hunywa unyevu. Ukiingia moto unasikia vipasuko vidogo, na kazi hutoka na vinyweleo. Nilikuwa nimeufungia kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vifuko vya kukaushia, na bado siku ya kwanza ulilia. Kazi ikafanyika hivyo hivyo. Saa tatu za uchapaji zilipita, umeme ukakatika, karakana nzima ikanyamaza. Uliporudi mashine iliendelea pale ilipoachia, lakini meza ilikuwa imepoa na ua likabanduka ukingoni. Tukaanza upya usiku, likatoka alfajiri.

Fundi alilichukua ua lile jeupe, jepesi kama kikombe cha karatasi, akaenda nalo Mkomani na kulijaribu kwenye pengo. Likakataa kuingia upande wa kulia, milimita mbili. Mbao ya zamani ilikuwa imepinda kidogo, jambo ambalo kipimo changu hakikuliona. Akalisugua kwa tupa pale pale hadi likakaa, tukapima upya, tukarekebisha faili. Kama tungekwenda moja kwa moja kwenye mbambakofi, tungeharibu kipande ambacho Fundi alikuwa amekiweka zaidi ya miaka kumi, masalio ya kizingiti cha nyumba iliyobomolewa. Kwangu mimi hiyo ndiyo faida kubwa ya kuchapa katika karakana ya nakshi. Plastiki hiyo haifai kuwekwa mlangoni. Kwenye nyuzi joto 60 huanza kulegea, na jua la mchana likipiga mlango mweusi hapako mbali na hapo. Inafaa kukosea nayo.

Siku ya tatu nilibadilisha kichwa na kuanza kuchonga, kwanza kwenye kipande cha mwembe. Mwembe ni laini, ua likatoka kwa saa mbili, kijana akashangilia. Tukapanda kwenye mbambakofi. Hapa nilifanya pupa. Niliacha kina kile kile cha mwembe, na mota ya kichwa hiki ni ya wati 50 tu. Ncha ilipiga kelele kali, mbao ikanuka moshi, na kabla sijafika kwenye kitufe ncha ikakatika. Nilikuwa nazo tatu. Nikashusha kina hadi milimita 0.3 kwa kila mpito, nikapunguza mwendo, nikaanza tena. Kazi ilienda, lakini upande mmoja wa majani nyuzi za mbao zilinyanyuka kama manyoya ya kuku aliyelowa.

Fundi akasema nisimamishe, kisha akaniita kwa Kiamu: "Ndoo uone." Akapitisha kidole changu juu ya mbao, kwenda na kurudi. Kwenda ilikuwa laini, kurudi ilinikwaruza. "Mbao ina ndia yake," alisema. Yeye, anapochonga ua, huizungushia mbao mkono wake: jani hili hulisukuma kutoka kushoto, jani lile kutoka juu, kufuata nyuzi zinavyolala. Mashine haina habari. Inapita njia iliyoandikiwa. Tukaifungua mbao, akaigeuza robo mzunguko, akachagua upande ambao kuchanika kungeangukia sehemu zitakazoondolewa baadaye. Geuzo hilo moja lilisaidia kuliko marekebisho yote niliyofanya kwenye skrini.

Kuna jambo jingine mashine haiwezi, nalo si kosa la mtengenezaji yeyote. Ncha inayozunguka ni ya duara, kwa hiyo kila kona ya ndani inayoikata hubaki na mviringo. Nakshi ya Lamu inaishi kwenye kona. Pale majani mawili yanapokutana huwa pamebanwa, pakali, na kivuli cha hapo ndicho kinacholifanya ua lionekane limefunguka. Ua lililotoka mashineni lilikuwa na umbo sahihi, kina sahihi, majani kumi na sita, na lilionekana limelala. Fundi akakaa nalo chini, akalibana kwa nyayo za miguu, akachukua patasi nyembamba na bobari. Tulimtazama bila kusema. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ilipofika ya sita ua lilikuwa limeamka.

Nilimuuliza kazi ile ingemchukua muda gani angeifanya yote kwa mkono. Siku mbili, alisema. Mashine ilichukua saa tano kuondoa mbao, yeye saa tatu kumalizia. Kisha akaongeza jambo ambalo sikulitegemea: kuondoa mbao si kazi inayomchosha, ni kazi inayomfundisha mwanafunzi mkono. Kijana akipewa ua lililokwisha kuchimbwa, atajifunza lini uzito wa nyundo? Sina jibu la swali hilo, na sidhani mtu yeyote anayeuza mashine hizi analo.

Leza ndiyo iliyonishangaza, kwa sababu niliidhania kuwa ya mapambo. Kichwa chetu ni cha wati 10, mwanga wake ni wa buluu. Hukata plaiwudi ya milimita 3 bila taabu. Akriliki nyeusi huikata; ile ya kuona ndani haiwezi, kwa kuwa mwanga wa buluu hupita na kwenda zake. PVC niliwakataza kabisa, maana ikiungua hutoa gesi ya asidi inayodhuru mapafu na kula mashine. Kila aliyekuwa ukumbini alivaa miwani, na watoto waliojazana dirishani niliwatoa kwa ukali ambao baadaye niliuombea radhi kwa mama zao. Jicho halina spea. Nami nilifunga ushungi wangu kwa nyuma siku zote za kuchonga, na nawaambia dada zangu wanaoingia kwenye fani hii wafanye hivyo hivyo.

Kazi aliyoipenda Fundi ni kuchora. Kabla ya kuchonga, mbao lazima iandikwe: kila mstari wa nakshi upimwe, upigwe kwa penseli, na kwenye fremu ndefu mtu anaweza kuinama siku nzima akirudia mnyororo ule ule. Tuliweka kipande cha fremu chini ya leza kwa nguvu ndogo, ikaunguza mistari myembamba ya kahawia isiyofutika kwa jasho la mkono. Dakika kumi na mbili. Yeye akashika patasi na kuifuata mistari, mkono wake ukiwa huru, mbao ikiwa na njia yake, mwanafunzi akiwa na kazi yote ya kujifunza. "Hii ndiyo," alisema. Siku mbili zilizobaki tuliwachorea wachongaji watano wa jirani, kila mmoja nakshi yake mwenyewe.

Ni hapo nilipofika kwenye uamuzi wangu, na nauandika kwa sababu naona mashine za namna hii zinaingia vyuoni kwetu kwa wingi. Zisifungiwe kwenye vyumba vya viyoyozi kuchapa vishikio vya funguo. Zipelekwe kwa wachongaji wa Lamu, wa Siyu, wa Unguja, ziwekwe mikononi mwao, na wao ndio waamue ni sehemu gani ya kazi iende mashineni na ipi ibaki kwenye patasi. Na nakshi zinapoingizwa kwenye kompyuta, faili ziwe mali ya mafundi. Fundi aliniomba jambo hilo waziwazi: ua lake lisije likaonekana kesho kwenye milango ya kiwandani. Nilimpa faili kwenye flashi, nikalifuta kwenye kompyuta yetu mbele ya kijana wake. Wenzangu mnaofundisha katika vyuo vya ufundi, fanyeni vivyo hivyo, na mfanye kabla hamjaombwa.

Yule mama wa kwenye basi nilimjibu kimoyomoyo nikiwa njiani kurudi. Mbuzi ya kukunia nazi ni ndefu kuliko meza ya mashine, na fundi yeyote wa Lamu atakuchongea kwa asubuhi moja. Mashine ingeweza kumwandikia nakshi pembeni.

Ua la tatu liligongwa mahali pake siku ya Alhamisi baada ya Alasiri, kwa gundi na vigingi vinne vya mti, bila msumari. Lina majani kumi na sita. Nyuma yake, upande usioonekana, Fundi aliunguza kwa leza mwaka na jina la mtaa, na chini yake akaacha nafasi tupu kwa atakayelitengeneza tena.